Namna ya Kufuatilia Uvunjaji wa Wanga kwa Mate: Mwongozo wa Jaribio la Kimeng'enya

Mwanafunzi anayeanza kusoma biolojia ya mwili wa binadamu hufundishwa mapema kwamba seli hutegemea vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, katika kazi zake zote, na mara nyingi huikariri kauli hiyo mwaka baada ya mwaka bila kuwahi kukiona kimeng'enya kikifanya kazi. Hali hiyo haina sababu ya kuendelea. Kimeng'enya kimoja kinachoitwa amilesi kimo mdomoni mwa kila mtu, kinavunja wanga uliomo katika kila jiko, na kazi yake inaweza kufuatiliwa dakika kwa dakika kwa matone machache ya iodini kutoka duka la dawa, ambayo hugeuka kuwa buluu-nyeusi inapokutana na wanga. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulifanya jaribio hilo kwa uangalifu, darasani au nyumbani chini ya usimamizi wa mtu mzima, na namna ya kuyasoma matokeo yake hadi kwenye ngazi ya molekuli. Jambo litakalosisitizwa kuliko mengine ni kwamba rangi hiyo inaweza kupotea kwa sababu nyingi zisizohusiana na mate hata kidogo, na kwa hiyo thamani ya jaribio inatokana na neli linganishi zinazowekwa kando ya neli yenye mate.

Vitu vinavyohitajika

Andaa neli sita au saba za majaribio, au vichupa vidogo vya glasi visafi. Mabomba ya sindano ya mililita 5 yasiyo na sindano, moja kwa kila neli. Sahani nyeupe isiyo na michoro. Beseni dogo, sufuria, saa inayoonyesha sekunde, na kipimajoto. Kipimajoto cha kidijitali cha kupimia homa kinafaa sana kwa sababu kimetengenezwa kupima joto lililo karibu na nyuzi 37 za Selsiasi, ilimradi ncha yake tu ndiyo iingizwe majini na kisitumiwe katika maji yanayochemka. Epuka kipimajoto cha zebaki, ambacho hupasuka kikiingizwa katika maji ya moto na kumwaga sumu mezani.

Iodini ya maabara ni bora, lakini iodini ya vidonda inayouzwa katika maduka ya dawa inatosha. Izimue kwa maji, sehemu moja ya iodini kwa sehemu kumi hivi za maji, hadi ipate rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Ikiwa nzito mno, rangi yake yenyewe itaficha mabadiliko unayoyatafuta. Wanafunzi wengine huuliza kama chumvi yenye madini joto inaweza kutumika badala yake. Haiwezi, kwa kuwa madini joto ya chumvi huwekwa katika umbo la chumvichumvi za iodini, hasa iodeti ya potasiamu, wakati wanga hubadilisha rangi pale tu unapokutana na iodini iliyo huru. Ndiyo maana ugali haugeuki kuwa mweusi hata ukinyunyiziwa chumvi hiyo.

Kutayarisha wanga

Pima gramu 1 ya unga wa muhogo au wanga laini wa mahindi, ambayo ni kama theluthi ya kijiko cha chai, uikoroge katika maji baridi kidogo hadi isiwe na mabonge, kisha uimimine katika maji yanayochemka huku ukikoroga, kiasi cha kufanya mchanganyiko wote uwe mililita 100. Acha uchemke kwa dakika moja au mbili, uupoze, na uuchuje kwa kitambaa safi. Hatua ya kuchemsha si ya hiari. Katika unga mbichi, molekuli za wanga zimefungwa kwa kubanana ndani ya chembechembe ngumu ambazo amilesi huzipenya kwa shida. Joto na maji huzivimbisha na kuzipasua, na molekuli zikatawanyika majini ambako kimeng'enya kinaweza kuzifikia. Hii pia ni sababu mojawapo ya binadamu kupika nafaka na mizizi kabla ya kuila.

Kutayarisha mate

Kila mwanafunzi atumie mate yake mwenyewe, na asiguse ya mwenzake, kwa kuwa mate yanaweza kubeba vimelea vya magonjwa. Sukutua mdomo kwa maji safi ili kuondoa mabaki ya chakula, subiri dakika chache, kisha kusanya mililita 1 au 2 za mate katika kikombe safi na uyazimue kwa maji, sehemu moja ya mate kwa sehemu tisa za maji. Gawanya mate hayo mara mbili. Sehemu ya kwanza iache kama ilivyo. Sehemu ya pili itie katika neli, usimamishe neli hiyo katika maji yanayochemka kwa dakika kumi kamili, kisha uiache ipoe. Dakika mbili au tatu hazitoshi, kwa sababu maji ya ndani ya neli huchelewa kupata joto la maji ya nje.

Neli tatu

Weka alama A, B na C kwenye neli tatu, na utie mililita 5 za wanga katika kila moja. Zisimamishe katika beseni la maji yenye nyuzi 37 hadi 38 kwa dakika tano, ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo kila joto linapoteremka. Wakati huo panga matone ya iodini katika mistari mitatu juu ya sahani nyeupe, mstari mmoja kwa kila neli, ili yawe tayari kabla saa haijaanza kuhesabu.

Sasa tia mililita 1 ya mate yasiyochemshwa katika neli A, mililita 1 ya mate yaliyochemshwa na kupozwa katika neli B, na mililita 1 ya maji matupu katika neli C, utikise kila neli taratibu, na uanze kuhesabu muda. Neli C inaonyesha wanga unavyokuwa pasipo mate. Neli B inaonyesha wanga unavyokuwa mbele ya mate ambayo vitu vyake vyote vimo, isipokuwa protini zake zimeharibiwa umbo kwa joto. Bila C huwezi kujua kama wanga ulijivunja wenyewe. Bila B huwezi kujua kama kilichouvunja ni kimeng'enya au ni chumvi na vitu vingine vilivyomo katika mate.

Kuchukua sampuli

Kila baada ya sekunde 30 chukua tone moja kutoka neli A na ulidondoshe juu ya tone mojawapo la iodini sahanini. Neli B na C hazihitaji kasi hiyo. Tone moja kila baada ya dakika mbili linatosha, na mwanafunzi anayefanya kazi peke yake atashukuru kwa nafuu hiyo. Usitie iodini ndani ya neli yenyewe, kwa kuwa iodini huzuia kazi ya amilesi na jaribio litakwama ulipoligusa. Usitumie bomba la neli A kwenye neli nyingine kwa namna yoyote. Kimeng'enya hakitumiki kikaisha kama kuni; molekuli moja huvunja kifungo, huachia, na kurudia kazi mara nyingi sana kwa muda mfupi, kwa hiyo tone dogo la mate likiingia neli C linatosha kuliharibu jaribio zima.

Katika mstari wa A, matone ya kwanza yatakuwa na rangi ya buluu iliyokolea hadi weusi. Yatakayofuata yataelekea zambarau, kisha wekundu wa kahawia, na mwishowe tone litabaki na rangi ya manjano-kahawia ya iodini yenyewe. Andika muda wa tone la kwanza lililobaki hivyo. Ikiwa limefikiwa chini ya dakika moja, yazimue mate zaidi na urudie, maana mabadiliko yamekwenda haraka kuliko unavyoweza kuyapima. Ikiwa dakika 15 zimepita bila mabadiliko, tumia mate mazito zaidi. B na C zinapaswa kubaki na weusi hadi mwisho. B ikififia, mate yake hayakuchemka vya kutosha. C ikififia, kuna mate yaliyoingia humo.

Kinachotendeka ndani ya neli

Wanga ni mnyororo mrefu wa molekuli za glukosi. Kila glukosi ina fomula C6H12O6, na mbili zinapounganishwa molekuli moja ya maji hutoka kati yao, ndiyo maana maltosi, ambayo ni glukosi mbili zilizoshikana, huandikwa C12H22O11 na siyo C12H24O12. Sehemu ya wanga iitwayo amilosi ina mnyororo ulionyooka usio na matawi mengi, nao hujisokota majini katika mzunguko wenye glukosi sita hivi kwa kila duara. Iodini hujipanga ndani ya msokoto huo, na mpangilio huo ndio unaotoa rangi ya buluu iliyokolea. Sehemu nyingine, amilopektini, ina matawi mengi, na misokoto yake mifupi hutoa rangi inayoelekea wekundu.

Amilesi huyarudisha maji yaliyotoka. Hushika mnyororo katikati, huleta molekuli ya maji kwenye kifungo, na kifungo hukatika. Misokoto inapokuwa mifupi iodini hukosa mahali pa kujipanga. Rangi hupungua kutoka buluu hadi zambarau, kisha wekundu, kwa kadiri urefu wa vipande unavyopungua. Kwa hiyo rangi zile za katikati, ambazo wanafunzi wengi huziona kama usumbufu na kuziacha bila kuziandika, ndizo zinazoonyesha kwamba kimeng'enya hiki hukata popote mnyororoni badala ya kuchomoa glukosi moja moja kutoka ncha. Laiti kingekuwa kinafanya kazi kutoka ncha, weusi ungedumu muda mrefu zaidi wakati sukari inaongezeka.

Iodini huonyesha kilichopotea tu. Ili kuonyesha kilichotokea badala yake, chukua mililita 2 kutoka neli A mwishoni mwa jaribio, changanya na mililita 2 za myeyusho wa Benedict, ambao ni kipimo cha sukari cha maabara, na uweke katika maji yanayochemka kwa dakika tatu hadi tano. Rangi ya buluu itageuka kuwa kijani, chungwa au wekundu wa tofali kulingana na wingi wa maltosi. Fanya vivyo hivyo kwa neli C, kwa sababu baadhi ya unga una sukari kidogo tangu mwanzo. Amilesi huishia kwenye maltosi na vipande vingine vifupi, haifikii glukosi. Kazi ya kuvimalizia hufanywa na vimeng'enya vilivyo kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba, na ni hapo tu ambapo glukosi huweza kuingia ndani ya seli na kisha katika damu.

Rangi inapodanganya

Sehemu hii inastahili kusomwa mara mbili, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha mtu aliyeona rangi ikipotea na mtu anayejua kwa nini imepotea.

Joto lenyewe hufuta rangi ya wanga na iodini. Ukidondosha iodini kwenye wanga wa moto sana hutaona weusi, na ukiuacha upoe weusi utarudi bila kimeng'enya chochote kuhusika. Sampuli zote kwa hiyo zipoe sahanini kabla ya kusomwa. Maji ya ndimu nayo hufuta rangi mara moja, kwa kuwa vitamini C huigeuza iodini kuwa iodidi isiyo na rangi. Mwanafunzi anayetumia ndimu ili kupata asidi anaweza kuamini kwamba asidi imeharakisha kazi ya amilesi, wakati ukweli ni kinyume kabisa. Magadi hufanya jambo linalofanana kwa njia nyingine: katika mazingira ya alikali kali iodini hugawanyika kuwa viambata visivyo na rangi, na tone hubaki jeupe ingawa wanga wote ungalipo.

Dawa ya mitego hii yote ni moja. Kwa kila hali unayotaka kuijaribu, weka neli ya pili yenye hali ileile lakini isiyo na mate. Rangi ikipotea katika zote mbili, mate hayahusiki.

Joto na umbo la protini

Baada ya kulimudu jaribio la msingi, rudia neli A katika maji yenye barafu, katika joto la kawaida la chumba, katika nyuzi 37, na katika nyuzi 80, ukihakikisha kwamba wanga na mate vyote viwili vimefikia joto husika kabla ya kuchanganywa. Utaona kwamba kwenye barafu kazi ni ndogo sana, na kwenye nyuzi 80 haipo au hukoma baada ya muda mfupi. Kwa mtazamo wa juujuu matokeo haya mawili yanafanana, kwa kuwa matone yote ni meusi. Hamisha sasa neli ya barafu na neli ya nyuzi 80 hadi kwenye beseni la nyuzi 37. Ya barafu itaanza kufanya kazi. Ya nyuzi 80 haitaanza.

Tofauti hiyo ni ya kikemia. Amilesi ya mate ni protini, mnyororo wa asidi amino 496 uliojikunja katika umbo maalumu lenye mfereji ambamo wanga huingia. Umbo hilo hushikiliwa kwa sehemu kubwa na vifungo dhaifu, hasa vifungo vya hidrojeni. Baridi hupunguza tu mwendo wa molekuli, hivyo wanga na kimeng'enya hukutana mara chache. Joto kali huvunja vifungo dhaifu, mnyororo hufumuka, na mfereji hupotea, ingawa asidi amino zote 496 bado zimeungana kwa mpangilio uleule. Kwa sababu hii ni vyema kuandika kwamba kimeng'enya kimepoteza umbo lake. Kuandika kwamba kimekufa ni kosa, kwa kuwa hakikuwa hai.

Asidi hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Matone machache ya siki, ambayo tofauti na ndimu haina vitamini C, hushusha pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, mbali na kiwango cha karibu na 7 ambacho amilesi ya mate hukipendelea, na uvunjaji wa wanga husimama. Hali hiyohiyo huipata amilesi inapofika tumboni, ingawa katikati ya tonge lililomezwa huendelea kwa muda hadi asidi ya tumbo ipenye. Kongosho hutoa amilesi nyingine katika utumbo mwembamba, ambako asidi imeshapunguzwa makali, na kazi huendelea.

Kimea badala ya mate

Shule isiyoruhusu matumizi ya mate inaweza kutumia kimea cha ulezi au mtama. Nafaka inapoota hutengeneza amilesi ili kuuvunja wanga wake, na wapishi wa togwa hulitumia jambo hilo wanapotia kimea katika uji wa vuguvugu na kuuona ukilegea na kupata utamu. Ilikuwa pia katika kimea, cha shayiri, ambamo Anselme Payen na Jean-François Persoz wa Ufaransa walitenga kitu hiki mwaka 1833, kikiwa miongoni mwa vimeng'enya vya kwanza kabisa kutengwa. Loweka kijiko kimoja cha unga wa kimea katika mililita 50 za maji ya vuguvugu kwa dakika 20, acha utulie, na utumie maji meupe ya juu tu. Kumbuka kwamba maji hayo yana sukari tayari, hivyo kipimo cha Benedict hakitafaa bila neli linganishi yake, na kwamba amilesi ya nafaka huvumilia joto kubwa kuliko ya binadamu.

Kulinganisha wanafunzi

Darasa likilinganisha muda wa neli A za wanafunzi mbalimbali litakuta tofauti kubwa, na swali la jeni huibuka mara moja. Jeni ya amilesi ya mate, AMY1, ipo katika kromosomu ya kwanza, na watu hutofautiana katika idadi ya nakala zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba jamii zilizozoea vyakula vyenye wanga mwingi, Wahadza wa Tanzania wakiwemo, zilikuwa kwa wastani na nakala nyingi kuliko jamii zenye wanga kidogo katika chakula chao, zikiwemo Wadatoga, ambao ni wafugaji wa Tanzania hiyohiyo, na Wambuti wa Kongo. Nakala nyingi humaanisha maagizo mengi kwa ribosomu, yaani viunda-protini, za seli za tezi za mate, na hivyo amilesi nyingi inayofungashwa katika vifaa vya Golgi na kutolewa nje ya seli; njia hiyo ya ufungashaji ilifuatiliwa kwa makini na George Palade katika seli za kongosho, na alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974.

Hata hivyo, jaribio hili haliwezi kuhesabu nakala za jeni za mtu. Mate ya mtu mmoja hubadilika kulingana na wakati wa siku, kiasi cha maji aliyokunywa, na muda tangu alipokula, na uzimuaji usio makini huleta tofauti kubwa kuliko hizo zote. Andika tofauti mlizoziona, na usivuke hapo.

Kuandika na kusafisha

Katika daftari, tenga ulichokiona na unachokihitimisha. "Rangi ya manjano-kahawia ya iodini ilibaki" ni uchunguzi; "wanga umevunjwa" ni hitimisho, na linakubalika tu pale neli B na C zilipobaki nyeusi. Usiandike "hakuna mabadiliko" kwa neli B. Andika rangi yenyewe na muda wake.

Ukimaliza, tia dawa ya klorini ya kufulia katika vyombo vyote vilivyogusa mate, viache kwa nusu saa, kisha uvioshe kwa sabuni na maji mengi. Mwaga wanga uliobaki siku hiyohiyo, kwa kuwa bakteria huingia humo na kuanza kuuvunja kwa amilesi zao, na neli C ya kesho itafifia bila mtu yeyote kuigusa.